Usiniulize Mkeka wa Wati Ngapi

"Shikamoo, daktari. Samahani kwa usumbufu siku ya Jumapili. Shangazi yake amemnunulia mtoto mjusi, na tangi la kioo tumeshapata. Sasa hapa dukani naona mikeka ya joto ya wati 4, wati 8, mpaka wati 16. Nichukue wa ngapi?"

Ujumbe wa sauti wa namna hii hunifikia tangu theluji ya kwanza inapoanguka hapa Minnesota mpaka inapoyeyuka mwezi wa nne. Leo anauliza mama wa Kikongo aliyehamia hapa akitokea Kampala, kesho baba wa Kikisii anayeendesha lori, keshokutwa kijana wa Tanga anayesoma chuo. Swali halibadiliki. Nami hujibu kwa swali: "Themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, umechukua?" Simu hunyamaza kidogo, kisha huja maneno ambayo sasa nayajua kama ninavyolijua jina langu: "Ya nini tena, daktari? Si akiona pamekuwa moto atahama mwenyewe?"

Hahami. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika, na nitalieleza kwa urefu kuliko mengine yote, kwa sababu mambo mengine ya mkeka mtu anaweza kuyasoma kwenye boksi lake.

Nianze na nyoka mmoja. Aliletwa mwezi wa Februari ndani ya foronya, na foronya ilikuwa ndani ya koti la mtoto wa miaka 12, koti limefungwa zipu hadi shingoni ili baridi isimkute njiani. Alikuwa chatu mpira, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati ya mwili. Urefu wake kama mita moja. Mtoto alisema ana wiki ya tatu hajala. Nikamtoa, nikamlaza mkononi. Juu alikuwa safi, mgongo unang'aa, macho maangavu. Nikamgeuza.

Tumbo la chatu mwenye afya hupendeza kutazama. Magamba ya chini ni mapana, yamepangwa moja nyuma ya jingine kama vigae vya paa, meupe kama maziwa. Ya huyu, kuanzia katikati kuelekea mkiani, yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mengine yalikuwa yamenyanyuka pembeni, chini yake majimaji. Nilibonyeza gamba moja kwa kidole chenye glavu, likateleza kama ganda la kitunguu kilichooza. Nilihesabu magamba 17 yaliyoungua. Mtoto alikuwa bado ameshika foronya tupu, akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Lakini alikuwa anapapenda pale. Alikuwa haondoki."

Mkeka ulikuwa wa wati 16, umebandikwa chini ya kioo na kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Mama yake alikuwa ameuliza dukani wa wati ngapi, akajibiwa kulingana na ukubwa wa tangi, na jibu lenyewe halikuwa na kosa. Nyoka alipona. Ilichukua miezi, sindano, kubadilishiwa bandeji na kujivua ngozi mara kadhaa, na kovu analo hadi leo.

Sasa turudi kwenye hiyo imani ya kwamba mnyama atahama mwenyewe. Ni ngumu kuing'oa kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwaka 1944 Wamarekani wawili, Raymond Cowles na Charles Bogert, walichapisha kazi yao juu ya reptilia wa jangwani, wakaonyesha kwamba mijusi hawakai tu kupokea joto lolote linalowajia. Hulitafuta na kulikimbia, wakiingia juani na kurudi kivulini, na kwa njia hiyo miili yao hubaki kwenye kiwango kisichoyumba sana. Kwa mtu aliyekulia kwetu hiyo si habari ngeni. Yule mjusi wa kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu anayepiga pushapu juu ya majabali ya Mwanza, saa mbili asubuhi utamkuta amejilaza bapa juani. Saa saba mchana humwoni, kaingia kwenye ufa wa jabali upande wa kivuli. Ndipo watu wanapouliza: anayejua kuhama jabalini atashindwaje kuhama kwenye tangi?

Tazama kwanza kinachomwongoza. Kipimo chake cha joto kimo kichwani, katika sehemu ya ubongo inayohisi joto la damu inayopita pale. Damu ikipoa, anatafuta joto. Damu ikizidi joto, anaondoka. Juani mpango huu hufanya kazi vizuri, kwa sababu jua humpiga kutoka juu, mgongo mzima na kichwa chake, mwili ukapata joto kwa pamoja na kipimo kikasoma sawasawa. Sasa mchukue chatu, mweke kwenye tangi ambalo hewa yake ni nyuzi 20 za Sentigredi, ndivyo nyumba zetu nyingi zilivyo hapa wakati wa baridi maana bili ya gesi haina huruma. Chini ya sehemu moja ya tumbo lake weka bamba la nyuzi 48. Mgongo uko baridini, kichwa kiko baridini, na damu inayopanda kutoka tumboni inafika ubongoni imeshachanganyika na ya sehemu zilizopoa. Ubongo unasoma kwamba bado hajapata joto la kutosha. Naye anautii, anabaki palepale, tena anajibana zaidi, huku ngozi ya tumbo inaiva.

Nisieleweke vibaya: reptilia huumia, hisia za maumivu anazo. Mguse ghafla na kitu cha moto, ataruka. Ila moto unaoingia polepole kupitia tumbo, saa baada ya saa, haumfukuzi kama anavyofukuzwa na joto lililozidi mwili mzima. Anayeshangazwa na hili akumbuke bibi zetu wa nyanda za juu, Makete, Lushoto au Kinangop, waliokaa miaka yao yote karibu na mafiga. Miguu yao mbele, kwenye muundi, ina mabaka ya kahawia yaliyosukwa kama wavu. Madaktari wa binadamu wanaijua hali hiyo: ni ngozi iliyopata joto mara kwa mara bila kuunguzwa siku moja hata lengelenge likatoka. Bibi hakuwa mjinga wala hakuwa amekufa ganzi. Mgongo wake ulikuwa baridini, na mgongo ndio uliokuwa ukimwamuru asogee motoni. Sasa bibi angeweza kuvuta kanga au kugeuka. Nyoka aliyefungiwa kwenye tangi la sentimita 75, lenye kona moja tu ya joto ndani ya nyumba yenye baridi, ahamie wapi? Ameletewa kuchagua kati ya kuungua na kuganda, na kwa kuwa kuungua kunakuja polepole, anachagua huko.

Kuna na hili la jiwe. Watu huniambia, mbona geko-chui huko kwao Pakistan na Afghanistan hulala juu ya mawe ya moto usiku? Kweli, hutoka jua likishazama na hulala juu ya mawe yaliyoshiba joto la mchana. Lakini jiwe lile linapoa. Tangu dakika jua lilipozama linapoteza joto, na mjusi akilala juu yake anazidi kulipoza. Joto lina mwisho wake. Hakuna mwamba katika nchi anayotoka unaopashwa upya kutoka chini kila sekunde kadiri yeye anavyolala juu yake. Mkeka uliochomekwa ukutani hufanya hivyo usiku kucha, mwezi kucha, na mwili wa mnyama huyu haukuwahi kukutana na kitu kama hicho hata ukajifunza kukikwepa.

Tena mwili wake mwenyewe huongeza moto. Hili ndilo watu hawalitegemei kabisa. Mkeka hutoa joto, na joto hilo hupanda kupitia kioo na kutawanyika hewani. Nyoka akijiviringa juu ya kioo, anakifunika kama blanketi. Joto halina pa kutokea, linajikusanya kati ya tumbo lake na kioo, na sehemu ile ile aliyolala inazidi kupanda kuliko kioo kilicho wazi pembeni yake. Ndiyo maana mzazi huweka kiganja dakika moja, akasema mbona ni uvuguvugu tu. Kiganja chako kimekaa dakika moja. Yeye anakaa muda wa saa 10. Mwaka 1947 Moritz na Henriques, watafiti wa Marekani, walipima kwa nguruwe na kwa watu waliojitolea muda ambao ngozi inahitaji ili iungue. Kwenye nyuzi 60 ni kama sekunde 5. Kwenye nyuzi 44, kiwango ambacho mtu anaoga nacho na kusema maji ni moto tu, ngozi inaungua vilevile, ila inachukua takriban muda wa saa 6. Mimi mwenyewe nimeweka kipimajoto juu ya kioo cha tangi lililokuwa na mkeka usio na themostati, kikasoma nyuzi 52.

Kwa hiyo mtu akiniambia nyoka wake "anapapenda pale, haondoki", huwa namwomba aiweke simu chini, achomoe waya kwanza, kisha tuendelee. Mnyama asiyetoka kwenye sehemu yenye joto anakuambia tangi lote lililobaki ni baridi mno. Huo ni mlalamiko.

Imani hii ina ndugu yake: kwamba reptilia lazima apate joto la tumboni, la sivyo chakula hakiyeyuki. Imekaririwa mno. Kinachoyeyusha chakula ni joto la mwili mzima, na mwili huo haujali joto limeingilia mgongoni au tumboni. Mkeka unatufaa kwa sababu ni rahisi na unatumia umeme kidogo. Tumbo la mjusi halina uhusiano wowote wa siri nao.

Yale mawe ya plastiki yenye waya ndani, yaliyotengenezwa yafanane na mwamba, usinunue. Ukipewa bure, tupa. Joto lake halilingani, upande huu nyuzi 30, sentimita tatu pembeni nyuzi 50, na majeraha mabaya kuliko yote niliyoyatibu tumboni mwa mijusi yametokana nayo. Mto wa umeme wa kukandia mgongo, ule wa dukani wa watu wazima, nao usiutie chini ya tangi. Umetengenezwa kwa mtu aliye macho, anayeweza kuusogeza. Mingi hujizima baada ya muda fulani na kumwacha mnyama baridini usiku, na isiyojizima haikukusudiwa kubanwa chini ya kitu kizito siku nzima. Taa ya mezani ya baba iliyoinamishwa juu ya tangi kwa vitabu, sitaki hata kuizungumzia. Nyumba zimewahi kuungua.

Basi tufanye nini? Nitakwenda haraka, kwa sababu hapa hakuna ugumu.

Wati zinafuata ukubwa wa mkeka, na ukubwa wa mkeka unafuata tangi. Chukua unaofunika theluthi moja ya sakafu, usizidi nusu, na uuweke upande mmoja, si katikati. Upande wa pili ubaki bila joto ili mnyama awe kweli na pa kuhamia. Kwa tangi la lita 40 hivi, wati 8 huwa zinatosha. Swali la wati limeishia hapo.

Kisha themostati. Ya kawaida inayowasha na kuzima inatosha kwa mkeka, huhitaji ile ya bei kubwa inayopunguza mwanga wa balbu. Wakati naandika haya inauzwa kati ya dola 20 na 35. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hiyo na umwombe shangazi asubiri na mjusi wake. Geko-chui na chatu mpira wanataka sakafu ya upande wa joto iwe nyuzi 31 hadi 33. Nyoka wa mahindi anatosheka na 29 hadi 31. Upande wa baridi kwa geko na chatu uwe kwenye 25 hivi, kwa nyoka wa mahindi hata 23 si mbaya. Chumba chako kikiwa na nyuzi 18, mkeka peke yake hautapasha hewa ya tangi, maana kazi yake ni kupasha sehemu anayoilalia. Hapo utahitaji pia chanzo cha joto cha juu, kama balbu ya kauri isiyotoa mwanga, kwenye kishikilio cha kauri, ndani ya kizuizi cha waya asichoweza kukipanda, nayo iwe na themostati yake.

Angalia themostati yako inasoma kwa kipimo gani. Mzee mmoja kutoka Bujumbura alipiga simu akilalamika kwamba amenunua kifaa kibovu, mkeka hauwaki hata kidogo. Alikuwa ameandika 32, kama nilivyomwambia. Kifaa kilikuwa kwenye Farenhaiti. Kilikuwa kinangoja nyumba ifike kwenye baridi ya barafu ndipo kiwashe. Nyuzi 32 zetu ni 90 zao. Kosa hilo lilimpoza mnyama usiku mmoja tu, akapona bila dawa, lakini mwingine akikosea kwa kwenda juu hatapata bahati hiyo.

Kihisi, yaani ile ncha ndogo iliyo mwisho wa waya wa themostati, ndicho kinachoamua kila kitu. Kibandike nje ya tangi, kati ya mkeka na kioo, kwa selotepu iliyo imara. Kikichomoka na kuning'inia hewani, kitahisi baridi ya chumba na kuuambia mkeka uendelee kuwaka bila kikomo, na hapo umerudi kule kule kwa mtoto mwenye foronya. Kikague kila wiki unaposafisha. Wengine hukiweka ndani. Inawezekana ukikishikiza kwa silikoni ya akwariamu na kuiacha ikauke kabisa, lakini nyoka hukisogeza na mjusi hukikojolea. Usitumie selotepu ndani ya tangi kwa hali yoyote. Nyoka hunasa, na kumbandua bila kung'oa magamba ni kazi ya saa nzima yenye mafuta ya kupikia na subira nyingi.

Baada ya hapo washa kila kitu tangi likiwa tupu, liache siku nzima, upime sakafu ya ndani kwa kipimajoto cha dijitali chenye waya, au kile cha bastola kinachopima kwa miali. Hicho cha bastola kielekeze sakafuni moja kwa moja kutoka juu, kifuniko kikiwa wazi. Ukikielekeza kupitia kioo kitakupimia kioo. Namba ya ndani ikitofautiana na uliyoandika kwenye themostati, na itatofautiana kwa sababu kihisi kiko upande wa mkeka, rekebisha mpaka ndani isome 32. Vile vipimajoto vya mviringo vinavyobandikwa ukutani mwa tangi havikuambii chochote kuhusu sakafu.

Tangi linyanyuliwe kidogo ili hewa ipite chini. Mengi huja na vijiguu vya mpira kwa kazi hiyo, navyo watu huvitupa pamoja na boksi. Bila hewa, mkeka hujipasha wenyewe na kioo kinaweza kupasuka. Tandiko juu ya mkeka lisizidi unene wa sentimita moja. Ukimwaga mchanga wa sentimita tano, juu atahisi baridi, atafukua kutafuta joto, na chini atakutana na kioo cha moto kilichofunikwa kwa blanketi la mchanga. Kigae cha sakafuni, kile kilichobaki fundi alipomaliza bafu, ndicho tandiko ninalolipenda kwa geko: kinasambaza joto vizuri, kinaoshwa, hakina gharama. Nyoka mpe karatasi za kawaida. Bakuli la maji liwekwe upande wa baridi.

Tangi la mitumba ni sawa, osha. Mkeka wa mitumba hapana. Uliobandikwa mara moja ukabanduliwa huwa umekunja nyaya ndani, na mkunjo huo ndio unaoanza kuunguza. Waya uinamie chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yakimwagika yadondokee sakafuni na yasifuate waya hadi kwenye plagi. Kwa boksi la plastiki, themostati ni lazima mara mbili, maana plastiki huyeyuka. Kwa kizimba cha mbao sahau mkeka wa chini, mbao hazipitishi joto, utaungua wenyewe bila mnyama kupata kitu.

Gharama? Wati 8 zikiwaka saa 24 bila kuzimika ni chini ya uniti 6 za umeme kwa mwezi, kwa bei ya hapa kama dola moja. Themostati hupunguza hata hiyo. Matibabu ya tumbo lililoungua ni mamia ya dola, na familia nyingi zinazonipigia simu hazina bima ya mnyama.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha mnyama wako ni wa kutumia mkeka. Mjusi mwenye ndevu wa Australia, kinyonga na kobe hupata joto kutoka juu, wanahitaji balbu ya kuotea na taa ya miali ya UVB, na ukiwapa mkeka wa chini umewapa adhabu. Baba mmoja aliniuliza kama ndugu zake wanaweza kumletea mwanawe yule mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, na atahitaji mkeka wa wati ngapi. Huyo huishi juu ya miti ya jamii ya mkadi, huota jua mchana, na hapatikani porini mahali pengine duniani zaidi ya eneo dogo sana la kule. Mwaka 2016 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg ulimweka katika Kiambatisho cha Kwanza kwa sababu biashara ilikuwa inamaliza kizazi chake, na mwaka huohuo Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mwache nyumbani kwake. Geko-chui wa dukani amezaliwa kwenye vizimba kwa vizazi vingi, mtoto atafurahi naye vilevile, na anaweza kuishi miaka 15 au zaidi.

Ukimgeuza mnyama ukakuta tumbo limebadilika rangi, limepauka, lina wekundu, lengelenge au majimaji, chomoa mkeka, mwoshe kwa maji safi ya uvuguvugu, mlaze juu ya karatasi nyeupe safi, mlete siku hiyohiyo. Usimpake dawa ya meno. Usimpake samli, wala mafuta ya nazi, wala majivu. Najua nyumbani tulipakwa dawa ya meno tukiungua na tukakua, lakini kwenye magamba inakauka na kuziba uchafu ndani, na mimi itanibidi niibandue pamoja na ngozi mbichi iliyo chini yake. Jeraha la nyoka linaweza kuonekana dogo leo na kuwa kubwa baada ya siku tano, kwa hiyo usingoje uone kama litapungua.

Na kwa msimu wa dhoruba: umeme ukikatika, usihangaike na jiko la gesi ndani ya nyumba kwa ajili ya mjusi, hewa yake itawamaliza ninyi kabla yake. Funika tangi kwa blanketi, ukiacha upenyo wa hewa. Jaza maji ya moto kwenye chupa, ifunge kwa taulo nene, iweke nje ya kioo upande wake wa joto, uibadilishe ikipoa. Mnyama mzima huvumilia vizuri zaidi siku moja ya baridi ya nyuzi 18 kuliko anavyovumilia saa chache za nyuzi 45. Kama amekula juzi anaweza kutapika, usishtuke, msafishie. Chakula kingine asipewe mpaka umeme urudi na tangi likae kwenye joto lake siku nzima.